Posho ya nyumba, darasa la Jumanne na safari ya kurudi Mwanza

Kama una mtoto, mdogo wako au mume aliyetumikia jeshi la Marekani na sasa anasomeshwa na mpango wa GI Bill, halafu amekwambia anataka kurudi nyumbani Mwanza amalizie masomo mtandaoni, mwambie asikate tiketi kwanza. Arudi, nyumbani ni kwao. Lakini kabla ya tiketi aifungue ratiba yake ya semista aisome mstari kwa mstari, kwa sababu darasa moja tu kwenye ratiba ile linaweza kuongeza au kupunguza hela ambayo familia nzima imeshaipangia matumizi.

Nayasema haya kwa sababu nimeyaishi. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa mjini, na hela ya mdogo wangu imekuwa ikipitia mikononi mwangu tangu alipoingia jeshini kule. Ada za watoto wa marehemu dada yetu, dawa za mama, tofali za kiwanja cha Buswelu, vyote nimeviandika kwenye daftari moja. Alipoacha jeshi mwaka 2021 na kuanza chuo Texas, mshahara ulikoma na nafasi yake ikachukuliwa na posho ya nyumba. Nikaona lazima niijue posho hiyo kama ninavyojua mikopo ya wanachama wangu: inatoka wapi, inalipwa lini, na nini kinaikata.

Mpango wenyewe unaitwa Post-9/11 GI Bill. Ulipitishwa kuwa sheria mwaka 2008 na ukaanza kulipa Agosti 2009, kwa ajili ya waliotumikia jeshi baada ya Septemba 10, 2001. Aliyetumikia miezi 36 anapata asilimia 100, na aliyetumikia pungufu ya hapo hupewa kwa ngazi. Ada inakwenda moja kwa moja chuoni. Hela ya vitabu haizidi dola 1,000 kwa mwaka. Posho ya nyumba inaingia kila mwezi kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe. Siyo mkopo, hairudishwi. Ada na vitabu havijali kama unasoma darasani au kwenye kompyuta. Posho ya nyumba ndiyo inayojali.

Kiwango chake hupangwa hivi na Wizara ya Maveterani ya Marekani, ile inayowahudumia waliotumikia jeshi: wanaangalia sajenti mwenye familia, daraja la E-5, angelipwa kiasi gani cha nyumba kama angekuwa kazini katika eneo lilipo darasa lako. Unapolala wewe hawapaangalii. Unaweza kupanga chumba mji wa jirani ambako kodi ni ndogo, wao watahesabu pale unapokwenda kukaa kwa masomo yako mengi. Ndiyo maana wawili waliotoka kikosi kimoja, mmoja akisoma New York au San Francisco anaweza kupokea zaidi ya dola 4,000 kwa mwezi, na mwenzake aliyechagua chuo cha mji mdogo asifikishe hata nusu ya hizo.

Sasa akisoma mtandaoni mtupu, bila hata somo moja la kuingia darasani, hesabu ya mji inafutwa. Analipwa nusu ya wastani wa posho hiyo kwa nchi nzima. Kwa mwaka wa masomo 2024/2025 nusu hiyo ilikuwa zaidi kidogo ya dola 1,100 kwa mwezi. Uwe New York, uwe Texas, uwe Nyegezi sebuleni kwa mama, ni hizohizo.

Watu wengi wanadhani hasara ya kuhamia mtandaoni ni sawa kwa kila mtu, na siyo kweli. Kwa anayesoma mji wa kodi ndogo, tofauti inaweza kuwa dola mia chache, na huenda akaiziba kwa kuacha kulipa petroli na maegesho. Kwa wa San Francisco tofauti ni maelfu, kila mwezi. Kwa hiyo usichukue uamuzi wa mtoto wa jirani ukampa wa kwako. Uliza chuo chake kiko wapi na kinalipa ngapi, ndipo uanze kutoa maoni.

Nikasikia habari ya darasa moja. Mtu anayechukua masomo mengi mtandaoni na somo moja tu la ana kwa ana hahesabiwi kuwa mwanafunzi wa mtandaoni. Analipwa kiwango cha mji. Somo moja! Mdogo wangu aliponieleza mara ya kwanza nilimwambia arudie, na bado sikumwamini mpaka nilipoisoma mwenyewe kwenye maelezo ya Wizara ya Maveterani.

Ila kuna masharti, na hapa ndipo watu wanapoumia. Somo hilo lazima liwe linahitajika kwenye shahada yake. Hawezi kujiandikisha kozi ya kuogelea ili tu apate kiti cha darasani. Pili, mzigo wote wa masomo lazima uzidi nusu ya mzigo kamili. Chukua chuo ambacho mzigo kamili ni krediti 12, yaani vipimo vya uzito wa masomo. Mwenye krediti 6 ana nusu kamili, na nusu kamili haitoshi, hapati posho ya nyumba hata senti. Mwenye 7 ana asilimia 58, wanaikweza kuwa 60, analipwa asilimia 60 ya kiwango. Krediti moja tu ndiyo inayotenganisha sifuri na zaidi ya nusu. Mimi nimezoea kuona mikopo ikikataliwa kwa kukosa mdhamini mmoja, lakini hii ilinishtua.

Na akilianza somo la darasani halafu akaliacha katikati ya semista, akabaki na ya mtandaoni peke yake, kiwango kinashuka. Kama hela ilishalipwa kwa kiwango cha juu, ile ya ziada inageuka deni, na wizara inalidai kwa kukata malipo yanayofuata.

Nirudi kwa mdogo wangu. Alianza chuo Agosti 2021, wakati korona bado ilikuwa imevuruga vyuo. Masomo aliyoandikishwa kuyasoma darasani yalihamishiwa kwenye kompyuta, akawa anasomea chumbani kwake, na posho ikawa inaingia yote kwa kiwango cha mji. Ilikuwa halali. Machi 2020 Marekani walipitisha sheria ya dharura kuwalinda maveterani ambao vyuo vyao vilifunga madarasa, wasishushiwe posho kwa jambo ambalo hawakulichagua, na ulinzi huo ukasogezwa mbele mara kadhaa hadi Juni 1, 2022. Baada ya tarehe hiyo ukaisha. Mwaka ule wa kwanza ndio uliomjengea picha kwamba mtandaoni na darasani ni mamoja, na sikumlaumu, maana akaunti yake ilikuwa inamwambia hivyohivyo kila mwezi.

Katikati ya 2024 mama alianza matibabu hospitali ya Bugando. Kliniki kila baada ya wiki chache, siku nyingine anarudi amechoka hata uji hataki. Mimi nina kazi na watoto, kaka yetu mkubwa yuko Bukoba. Mdogo wangu akapiga simu, sauti imebadilika. "Dada, nakuja. Mwaka uliobaki nausoma mtandaoni nikiwa hapo kwa mama. Posho inaendelea, wala hatutapungukiwa."

Nikamwambia, "Njoo, mdogo wangu, lakini nitumie ratiba kwanza."

Akanitumia picha ya ukurasa wa usajili. Kila somo lina mstari wake: jina, krediti, jengo na chumba, siku na saa. Kwenye masomo ya mtandaoni, pale pa jengo na chumba wameandika tu kwamba hakuna. Katika masomo aliyoyachagua kwa semista ya Agosti, kila mstari ulikuwa hauna chumba. Nikachora safu mbili kwenye daftari. Kushoto kiwango cha mji wake, kulia kile cha mtandaoni. Chini yake nikaandika ada za watoto, kliniki, dawa, fundi wa Buswelu. Upande wa kulia fundi alitoka kabisa, na ada ikabaki inaning'inia.

Tukaongea usiku ule mpaka bando likaisha, nikaongeza, tukaendelea. Yeye alikuwa anaona namzuia kuja kwa mama yake kwa sababu ya dola. Mimi nilikuwa namuuliza swali moja tu: katika masomo yaliyobaki ya shahada yako, hakuna hata moja linalofundishwa darasani semista hii? Kesho yake akaenda kwa ofisa wa chuo anayethibitisha usajili wa maveterani, yule ambaye ndiye hupeleka taarifa wizarani kwamba fulani anasoma krediti ngapi, ngapi za darasani na ngapi za mtandaoni. Wakalipata moja, la takwimu, kila Jumanne jioni.

Basi tukapanga hivi. Miezi ya kiangazi, ambayo hakuwa na masomo na kwa hiyo hakuna posho ya kupoteza, aje Mwanza akae na mama. Agosti arudi Texas, asome semista ya kwanza na lile somo la Jumanne, posho iwe ya mji, na tofauti ile tuiweke kando bila kuigusa. Januari semista ya mwisho aisome yote mtandaoni akiwa hapa, kwa nusu, huku tukijazia kutoka kwenye akiba. Mama alipoelezwa aliuliza tu kama Agosti itamkuta bado hajafunga kliniki. Haikumkuta amefunga, lakini alikuwa na nguvu.

Kwa kuwa tuko kwenye Januari, familia nyingi zinaingia shimoni hapa bila kujua. Posho inalipwa mwezi ukishaisha, na inalipwa kwa siku ambazo masomo yapo tu. Semista ikifungwa katikati ya Desemba, malipo yanayokuja mwanzoni mwa Januari ni ya nusu mwezi. Semista mpya ikianza katikati ya Januari, malipo ya Februari nayo ni ya nusu mwezi. Zamani walikuwa wakilipa na siku za likizo, wakaacha tangu 2011. Sasa Januari hapa kwetu ni mwezi gani? Ada, sare, madaftari, michango ya shule. Mtu yuko Texas hajui kwa nini dada yake anapiga simu kila siku, na dada yuko Mwanza anadhani mdogo wake amebadilika. Hakuna aliyebadilika. Ni kalenda mbili zimegongana. Mimi siku hizi kuanzia Septemba natenga kidogo kidogo kwa ajili ya Januari, na nimeacha kumsumbua.

Semista ya mtandaoni nimeiona kwa macho yangu, maana aliisomea kwangu, mezani jikoni, ambako intaneti inashika vizuri. Baadhi ya masomo ni ya kujisomea kwa wakati wako. Mengine mwalimu yuko hewani na lazima uwepo. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni Texas ni saa tisa usiku Mwanza, na wao walipobadilisha saa zao mwezi Machi kikawa saa nane. Nilikuwa naamka kwenda kumtazama mama nakuta taa ya jikoni inawaka, amevaa shati la kola juu na kikoi chini, daftari wazi, na betri ya akiba iko tayari miguuni kwa ajili ya umeme kukatika. Siku moja ulikatika katikati ya mtihani. Akahamia kwenye simu, akamaliza. Asubuhi anampeleka mama kliniki bila kulala. Anayesema kusoma mtandaoni ni kupumzika ninatamani angelikaa pale jikoni wiki moja tu.

Ndiyo maana hiyo nusu mimi siikubali, ingawa najua ilikotoka. Mpango ulipoanza 2009, aliyesoma mtandaoni mtupu hakupewa posho ya nyumba kabisa. Oktoba 2011 ndipo nusu ilipoanza kulipwa. Kwa hiyo wapo wanaoihesabu kuwa ni hatua, na ni hatua kweli. Lakini mwenye nyumba wa Texas hapokei nusu ya kodi kwa sababu mpangaji wake anasomea chumbani. Mama mwenye mtoto mchanga aliyetoka jeshini, anayesoma mtandaoni kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, ana paa lilelile la kulipia. Yule aliyerudi na mguu usiomruhusu kupanda ngazi za chuo, naye vilevile. Hao ndio wanaonyimwa nusu, na mara nyingi ndio wenye shida zaidi ya wenzao.

Kwa mdogo wangu akiwa hapa Mwanza siwezi kulia sana. Dola 1,100 kwa bei ya dola ya wakati ule zilivuka shilingi milioni 2 na laki 7. Mwanafunzi wetu wa chuo kikuu anayekopeshwa bumu la shilingi 10,000 kwa siku, la chakula na malazi pamoja, anapata kama laki 3 kwa mwezi, na atazirudisha. Nilikuwa nikiwaona vijana wa chuo cha Malimbe wanashuka kwenye daladala na mifuko yao ya dagaa, nawaza hivyo. Ila tofauti hiyo ni ya maisha ya Mwanza, haiifanyi sheria ya kwao kuwa ya haki kwa wanaoishi kwao.

Na kuna babu yetu, mzaa baba. Alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni Afrika Mashariki, akapelekwa Burma na wenzake wa Afrika Mashariki mwaka 1944. Mwaka huohuo, Juni 22, Rais Roosevelt alisaini GI Bill ya kwanza, kwamba askari akirudi vitani asomeshwe na asaidiwe kupata nyumba. Babu alirudi Ukerewe na koti zito la jeshi, akaendelea kuvua. Hakuna aliyemlipia darasa. Mdogo wangu alipohitimu, mama alitaja jina la babu kabla ya jina la mtu mwingine yeyote.

Mambo mengine machache, kwa haraka, kwa wanaojiandaa.

Kila mwezi Wizara ya Maveterani inamtaka mwanafunzi athibitishe kwamba bado anasoma, na wengi hufanya hivyo kwa kujibu ujumbe wa simu. Asipothibitisha miezi miwili mfululizo, posho inasimamishwa. Mtu akifika Mwanza anachomoa laini ya Marekani, anaweka ya hapa, anasahau. Laini ile ibaki kwenye simu, iwashwe, au aandikishe njia nyingine ya kuthibitisha kabla hajapanda ndege.

Mwezi wa mtandaoni unaliwa sawa na mwezi wa darasani. Stahili yote ni miezi 36, na ukisoma mzigo kamili mtandaoni kwa nusu posho, mwezi mzima unakatwa kwenye ile 36, siyo nusu mwezi. Hili ningependa kila familia ilijue kabla ya kusema "si bado analipwa".

Pia ipo njia ambayo watu hawaiulizii. Chuo kilicho nje ya Marekani kinaweza kuidhinishwa na wizara ile kwa masomo ya shahada, na anayekaa darasani kwenye chuo cha namna hiyo analipwa wastani wa nchi nzima wote, yaani mara mbili ya yule wa mtandaoni. Maana yake ni kwamba veterani anayetaka kuishi kwao huenda akapata zaidi kwa kukaa darasani katika nchi yake kuliko kwa kufuata chuo cha Texas kupitia kompyuta. Uidhinishaji unaangaliwa chuo kwa chuo na kozi kwa kozi, kwenye tovuti ya wizara yenyewe, kabla ya kulipa hata ada ya fomu. Kwa aliyebakiza semista moja kama mdogo wangu haikuwa na maana kuhama. Kwa anayeanza, ningeitazama hiyo kabla ya nyingine zote.

Habari za viza kwa aliyechukua uraia wa kule, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu kuwa na wa nchi mbili, zina uzito wake na nitaziandika peke yake.

Sasa tuko na hesabu mpya. Likizo alizokuwa halipwi hazikumkata miezi, kwa hiyo amehitimu Mei na bado amebakiwa na wiki kadhaa za stahili yake. Kumbe stahili ikiisha katikati ya semista, unaruhusiwa kuimalizia semista ile ukiwa bado unalipwa. Wiki hizo chache, zikitumiwa vizuri, zinabeba semista nzima ya shahada ya pili. Yeye anaitaka hapa kwa mama, mtandaoni. Mama kliniki sasa ni mara moja kwa miezi mitatu, anatembea mwenyewe mpaka Butimba sokoni. Jana tumekaa na daftari tena, safu mbili, na safari hii mama naye alikuwa mezani. Amemwambia aende akaisome darasani, na mimi nimeshaanza kuulizia bei za tiketi za Agosti.